Historia Yetu Mishamo, Sehemu ya 4: Mtihani wa Lugha Kwenye Mlango wa Uraia

Juzi kwenye kliniki ya watoto foleni ya mizani ilikuwa ndefu, mama mmoja akanionyesha simu yake. Dada yake, mtoto wa hapa hapa Mishamo, yuko Montreal nchini Kanada, anajiandaa na mtihani wa Kifaransa ili aombe uraia. Usiku watoto wakilala anajirekodi akijieleza, anajisikiliza, anarudia. Kule mwombaji wa miaka 18 hadi 54 lazima aonyeshe kwamba anaweza kusikiliza na kuzungumza Kiingereza au Kifaransa. Yeye kachagua Kifaransa kwa sababu ndicho anachokisikia kazini na kwenye basi.

"Nesi, sisi mbona tulipata uraia bila mtihani?" Nikamwambia mtihani mliufanya, tena wa miaka thelathini. Akacheka. Nikamwahidi nitaandika, ndiyo hii.

Turudi mwaka 1972 Burundi. Mwishoni mwa Aprili kulitokea uasi kusini mwa nchi, na baada ya hapo Wahutu wakauawa kwa wingi na jeshi na watu wa serikali. Makadirio mengi yanaanzia watu 100,000 kwenda juu. Walioandamwa sana walikuwa wasomi: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na chuo kikuu. Yaani waliojua Kifaransa. Naomba msilipite hilo haraka. Lugha iliyokuwa inampa mtu kazi ya ofisini ikawa inamponza. Kuna babu mmoja nilikuwa namhudumia, siku moja akachukua boksi la dawa mkononi mwangu akanisomea maelezo ya Kifaransa bila kukwama. Halafu akalirudisha, akanyamaza. Miaka yote wajukuu zake walijua hajasoma.

Waliovuka kuja Tanzania waliwekwa kwenye makazi ya Ulyankulu na Katumba, na Mishamo ikafunguliwa 1978. Wengi waliletwa huku kutoka Ulyankulu, kule watu walikuwa wamezidi maji na ardhi. Mishamo ilikuwa pori, ndani ya wilaya ya Mpanda, na wakati huo tulihesabiwa mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi umekuja 2012.

Nyumbani watu waliendelea na Kirundi, na si kwa bahati mbaya. Wazee wengi walijua watarudi, kwa hiyo walishika lugha na habari za kwao. Mtafiti Liisa Malkki alikaa hapa miaka ya 1985 na 1986 akisikiliza habari hizo, akaziandikia kitabu kilichotoka 1995. Lakini shule zilikuwa za mtaala wa Tanzania. Mtoto akitoka kwa bibi anaingia darasani anahesabu kwa Kiswahili. Kliniki Kiswahili, sokoni Kiswahili. Mama anayemweleza nesi kwamba mtoto ameharisha mara nne toka asubuhi, ule nao ulikuwa mtihani wa kuzungumza, na hakuna aliyemwambia anasahihishwa.

Kwa sababu Sheria ya Uraia ya 1995 inasema hivi: anayeomba uraia wa Tanzania awe anajua vya kutosha Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo ilipofika 2007 na 2008, watu wa makazi yote matatu wakaulizwa, unarudi Burundi au unaomba uraia? Walikuwa kama 218,000. Karibu asilimia 80 wakasema tunabaki. Lugha waliyotakiwa kuijua walikuwa nayo mdomoni.

Sasa waliorudi. Hapa ndipo historia yetu inaniuma kama mtu wa watoto. Walifika nchi ya baba zao wakiwa na Kirundi cha nyumbani, lakini shule kule, ukishapita madarasa ya mwanzo, inakwenda kwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani huku, kule anakaa nyuma na watoto wadogo kuliko yeye kwa sababu hajui neno ubaoni. Kwao babu alikimbia akiwa anakijua Kifaransa, mjukuu amerudi anashindwa kwa kutokukijua. Nani angewaandaa? Wakati huku tunafundishwa kuwa raia wema bila kuwa raia, hakuna aliyefikiria upande huo.

Na waliobaki nao msidhani ilikuwa rahisi. Maombi ya watu kama 162,000 yalikubaliwa kufikia 2010, ila vyeti vikachelewa. Mwanzoni walitakiwa wahame makazi wakatawanyike mikoa mingine ndipo wakabidhiwe. Uraia wa Burundi walitakiwa kuukana, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Fikiria una mimba, umeshaacha kule, huku huna karatasi, na hujui mwaka kesho shamba lako utalilima wewe au nani. Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti, na watu wakaruhusiwa kubaki.

Wengi wenu mmeniuliza kama mtoto afundishwe Kifaransa sasa. Mimi sina neno, akipata mwalimu asome. Ila Kirundi cha bibi msikikatize eti kitamchanganya. Mtoto mdogo anabeba lugha mbili hata tatu, nawaona kila wiki. Na jamani, cheti cha uraia cha mzazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto visikae kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki mnayoniletea imelowa. Toa kopi, weka mbali na mvua.

Yule dada wa Montreal mtihani wake ni mwezi ujao. Nitawaambia. Mlioondoka 2008 mkarudi tena huku, niandikieni shule ilikuwaje kwa watoto wenu. Nataka sehemu ya 5 iwe ya kwenu.