Gemu Zisizo na Misheni: Kutoka Cambridge Hadi Simu Yako Hapa Migori

Swali ninaloulizwa zaidi na wasee wa Migori na Homa Bay ni moja: "Nipendekezee gemu ya kucheza mkononi, ile haiishi." Hawaulizi gemu yenye picha kali wala yenye bunduki nyingi. Wanataka dunia ya kuingia, kutembea, kujenga, kulima, kuharibu na kurudi kesho ukute vitu vyako bado viko pale.

Orodha nitawapa, iko chini. Lakini kwanza historia, kwa sababu watu wengi wanafikiri gemu hizi ni kitu cha juzi kilicholetwa na watoto wa YouTube. Si hivyo. Na venye zilitufikia sisi huku South Nyanza si venye zilifikia mtoto wa London au Tokyo. Hiyo tofauti ndiyo naona ina maana.

Tuanze na jina. Wazungu huziita gemu za sanduku la mchanga, kwa sababu watoto wao huwekewa kisanduku cha mchanga nyuma ya nyumba wachezee humo. Sisi mchanga wetu haukuwa na sanduku. Ulikuwa kando ya ziwa pale Mbita na Kendu Bay, kando ya mto Kuja, na mbele ya kila nyumba inayojengwa. Na mchezo wenyewe tulikuwa na jina lake: kalongolongo. Kopo la Blue Band ni sufuria, matope ni ugali, majani ni sukuma, wewe ni baba, yule ni mama, na kale kadogo kanalazimishwa kuwa mtoto. Hakuna anayeshinda kalongolongo. Mchezo unaisha mama halisi akiita.

Hiyo ndiyo maana kamili ya gemu ninazozungumzia. FIFA inakupa dakika 90 na mshindi. Snake ya Nokia inakupa pointi halafu inakuua. Gemu ya kalongolongo inakupa vitu, inakupa sheria chache, halafu inanyamaza. Utafanya nini? Ni juu yako.

Kwa kompyuta, wazo hili lilipata nguvu mwaka 1984. Wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitengeneza Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Ulipewa chombo cha angani na pesa kidogo, basi. Unaweza kuwa mfanyabiashara, unaweza kuwa jambazi. Gemu ilikuwa na galaksi 8, kila moja na sayari 256, na yote yalitoshea kwenye kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp leo. Waliwezaje? Sayari hazikuhifadhiwa. Zilipigwa hesabu upya kila unapozihitaji, kwa kanuni ileile, kwa hivyo ukirudi unakuta sayari ni ileile. Ujanja wa aina hiyo ndio bado unaunda milima na mapango ya Minecraft.

Mwaka 1989 ikaja SimCity ya Will Wright. Huyu jamaa alikuwa ametengeneza gemu ya helikopta ya kulipua visiwa, akagundua kwamba anafurahia zaidi kuchora vile visiwa kuliko kuvilipua. Akageuza kile chombo cha kuchorea kikawa gemu yenyewe. Wachapishaji walisita. Gemu ambayo huwezi kushinda utaiuzaje? Ikauzika. Mwaka 1996 Wajapani wakatoa Harvest Moon, gemu ya kulima na kufuga, na mwaka 1997 kampuni moja ya Dundee, Scotland, DMA Design, ikatoa Grand Theft Auto ya kwanza. Mmoja anamwagilia mboga, mwingine anaiba gari, lakini roho ni moja: mji ni wako, amua.

Sasa kuja mkononi. Hapo kulikuwa na shida mbili. Dunia kubwa inahitaji nafasi kubwa, na vitu ulivyofanya lazima vihifadhiwe. Game Boy ilikuwa na nafasi finyu sana. Harvest Moon ilipofika huko ilibidi ipunguzwe. Mambo yalibadilika Desemba 2004, Sony walipotoa PSP Japani. Disku yake ndogo ilibeba takriban gigabaiti 1.8. Oktoba 2005 ikatoka Grand Theft Auto: Liberty City Stories, na kwa mara ya kwanza mji mzima wa aina ile, na barabara zake na redio zake, ukaingia kwa mfuko wa jeans. Mwaka uliofuata ikaja Vice City Stories. Upande wa Nintendo DS, Animal Crossing: Wild World ya 2005 ilifuata saa halisi ya mahali ulipo. Giza likiingia kwako, linaingia na kwa kijiji chako cha ndani ya gemu.

PSP iliuza karibu vipande milioni 80 duniani. Hapa kwetu ilikuwa kitu cha mtoto mwenye shangazi ng'ambo. Unaiona mara moja kwa likizo ya Desemba, unaishika dakika tano, mwenyewe anaichukua.

Sisi wengine tulisomea gemu kwa kibanda cha PS. Na hapa kuna jambo sijaona mtu akilisema: kibanda cha PS hakiwezi kulea gemu za kalongolongo. Hesabu yake haikubali. Mwenye kibanda analipa kodi na stima, kwa hivyo anauza muda kwa vipande vidogo. Mechi ya FIFA ni shilingi 10 au 20, inaisha, aliyeshindwa anatoa pedi, mwingine anakaa. Sasa mtu akae hapo masaa manne analima karoti? Foleni itamla. Na hata ukilipia hayo masaa, kesho utakuta mtu amefuta dunia yako kwa sababu kadi ya kumbukumbu ni ya wote. San Andreas tuliicheza, ndiyo, lakini tuliicheza kama mechi: weka kodi za siri, chukua tangi, pigana na polisi, pesa yako imeisha, toka. Hakuna mtu alijenga kitu kwa kibanda. Tulikuwa wapita njia kwa miji ya wengine.

Ndiyo maana nasema kifaa cha mkononi kwetu kilikuwa na maana kubwa kuliko kwa mtoto wa Tokyo. Yeye tayari alikuwa na konsoli sebuleni. Ya mkononi ilikuwa ya kuchezea kwa treni. Kwetu cha mkononi ndicho kilikuwa cha kwanza kuwa chako, na huwezi kujenga dunia kwa kifaa cha kukodisha.

Na hicho kifaa hakikuwa PSP. Kilikuwa simu. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa na intaneti ikaanza kuwa ya bei ya kushikika. Mwaka 2011 Safaricom walileta Huawei IDEOS, Android ya kama shilingi elfu nane, wakati Android zingine zilikuwa za watu wa ofisi. Mwaka huohuo Minecraft ikafika kwa simu za Android, ikiwa na aina 36 tu za bloku na bila adui yeyote. Unajenga, basi. Halafu mwaka 2012 Mswidi mmoja, Henrik Rydgård, akatoa PPSSPP, programu ya bure inayoifanya simu yako ijifanye PSP. Desemba 2013 San Andreas yenyewe ikaja kwa Android.

Hapo ndipo PSP ilifika Migori, miaka mingi ikiwa imechelewa na bila mwili. Ilikuja kwa kadi ya kumbukumbu, kutoka kwa jamaa wa saiba anayekuwekea nyimbo, filamu na gemu kwa bei moja. Tuseme ukweli wote: PPSSPP ni halali, lakini zile gemu ndani ya kadi zilikuwa nakala ambazo waliozitengeneza hawakulipwa. Simhukumu mtu, duka la kuziuza halikuwepo hata ungetaka kulipa. Lakini kuna gharama ambayo tulilipa bila kujua. Mchezaji ambaye hayuko kwa hesabu ya mauzo hayuko popote. Kampuni ikiangalia ramani yake haioni mtu kati ya Rongo na Isebania. Kwa hivyo tuna Los Angeles ya gemu, Miami ya gemu, New York ya gemu, na hakuna mtu hata mara moja amefikiria stendi ya Migori saa kumi na moja jioni, na naapa hiyo ni ramani ngumu kuliko zote.

Sasa sikia kitu ambacho wengi hawajui. Mwaka 2012 UN-Habitat, wale wa Gigiri, walishikana na kampuni ya Minecraft, Mojang, wakaanzisha mradi unaoitwa Block by Block. Wazo ni rahisi: mkazi wa mtaa hawezi kusoma mchoro wa msanifu, lakini anaweza kuweka bloku. Moja ya sehemu za kwanza ilikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Vijana wakakaa na kompyuta, wakaujenga uwanja wao ndani ya gemu venye wangependa uwe, halafu mipango halisi ikajadiliwa kutoka hapo. Baadaye njia hiyo ikatumika kwa miji mingi duniani. Kwa hivyo mzazi akikuambia gemu hazijengi chochote, mjibu kwa heshima: zimejenga, na zilianzia Nairobi.

Lakini kwa nini Kibera tu? Sisi tuna Thimlich Ohinga, hapa hapa Migori. Kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, bila udongo wa kushikisha, jiwe juu ya jiwe, inadhaniwa tangu karne ya 16, na bado zimesimama. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zina urefu kutoka mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kama mita moja. Bloku moja ya Minecraft ni mita moja kila upande. Unaona? Ukuta wa Thimlich ni bloku moja unene, na bloku mbili hadi tano kwenda juu. Ni kama umepimwa kwa ajili ya gemu. Milango yake ni ya chini, mgeni lazima ainame akiingia, na aliye ndani anamwona kabla yeye hajaona kitu. Mtu yeyote aliyewahi kujificha na Creeper usiku anaelewa huo ulinzi bila mwalimu.

Na ukivuka hadi Homa Bay, kule Nyayanga kwa rasi ya Homa, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Gonga jiwe kwa jiwe, pata makali, kata nyama. Hatua ya kwanza ya kila gemu ya kuokoka porini imezikwa kwa udongo wa county jirani.

Basi orodha, kulingana na mfuko wako.

Kama huna pesa kabisa: Luanti, iliyokuwa ikiitwa Minetest. Ni ya bure kihalali, iko kwa Android, inacheza bila bando ukishaishusha, na simu ya kawaida inaibeba. Anza hapa.

Kama unaweza kulipa mara moja: Minecraft, kisha Stardew Valley. Hii ya pili ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka 2016 na kufika Android 2019. Ni shamba. Mtu wa Awendo aliyechoka na miwa atacheka, halafu atacheza hadi saa nane usiku. Terraria pia, kama unapenda kuchimba. Wachimba dhahabu wa Macalder mtajisikia nyumbani. Play Store inakubali M-Pesa, kwa hivyo kisingizio cha kadi ya benki kimeisha.

Kama unataka zile za PSP: Liberty City Stories na Chinatown Wars zimetolewa rasmi kwa Android. Anzia huko kabla ya kadi ya jamaa wa saiba.

Kama una pesa ya Nintendo Switch: Zelda ya 2017, Breath of the Wild, unaona mlima unaupanda. Lakini bei ya Switch moja inanunua simu kadhaa, na kwa simu moja ya hizo Thimlich inajengeka.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua maisha yanavyokuwa mtu akiacha kukupangia misheni. Gemu hizi hazikufundishi kazi, tusidanganyane. Zinakuzoesha swali moja ambalo shule haikuwahi kutuuliza: ukipewa uwanja mtupu na vifaa vichache, utajenga nini?

Yangu najenga Kochieng', ule mzingo mkubwa pale Thimlich, bloku kwa bloku, kwa Luanti. Nikimaliza nitaweka faili hapa bure. Wa Homa Bay, Simbi Nyaima inawangoja: kijiji kizima kilichozama ziwani kwa hadithi ya wazee wetu. Mtu ashike hiyo kabla mgeni hajatujengea.