Kutu na Dawa Zake

Chuma ni mtumishi mwenye nguvu, lakini afya yake ni haba. Jiwe likiachwa mvuani miaka mia hubaki jiwe. Chuma kikiachwa mvuani miezi michache huanza kurudi udongo. Wala neno hili si mzaha. Katika mawe yachimbwayo, chuma kimeshikana na oksijeni, ile sehemu ya hewa tuivutayo ituhuishe. Mhunzi huvitenga viwili hivi kwa moto wa makaa; maji na hewa huviunganisha tena, nao muungano huo ndio kutu. Injili ya Mathayo inaitaja kutu pamoja na nondo na wevi, na kweli ni mwizi: huchukua kidogo kidogo, mwenye mali amelala.

Zamani Wachaga walipata chuma chao kwa biashara, hasa kutoka Ugweno katika milima ya Upare, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha mawe ya chuma. Wahunzi wa Kilimanjaro walikifua kuwa majembe, mikuki na mapanga. Chuma kilikuwa kidogo na cha thamani, hakikulazwa nje. Jembe lilisuguliwa na udongo kila siku ya kazi. Mkuki ulipakwa mafuta na kuwekwa ndani, palipo moto na moshi. Basi dawa ya kutu siku zile ilikuwa mkono wa mwenye chombo.

Mambo yaligeuka ilipokuja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukakua penye stesheni. Tangu hapo chuma kilikuja kwa mabehewa: mabati ya kuezekea makanisa na shule, mapipa, mabomba, na mashine za kumenyea kahawa. Chuma hiki hulala nje usiku na mchana, nayo miteremko ya kusini ya mlima wetu hupata mvua nyingi na mawingu mazito. Mafuta ya mkuki yasingetosha. Je, mabati yaliwezaje kudumu?

Siri yake ilipatikana Ufaransa. Mwaka 1742 mganga na mtaalamu wa kemia aitwaye Malouin aliwaeleza wataalamu wa Paris kwamba chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka hupata ngozi ya kukikinga. Lakini kazi hiyo haikuenea mpaka mwaka 1837, Sorel alipopata hati ya haki yake. Huko Uingereza, Henry Palmer alikuwa amekwisha kupata hati ya bati lenye mikunjo mwaka 1829. Mikunjo ile hulipa bati jembamba nguvu ya kujishikilia. Mambo hayo mawili yalipokutana, dunia ikapata paa jepesi la kusafirishwa mbali.

Zinki hulinda kwa njia mbili. Kwanza hufunika, maji yasifike kwenye chuma. Pili, hata ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza, na chuma kilicho karibu nayo huachwa salama. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1824 na Humphry Davy, alipofunga vipande vya zinki na vya chuma juu ya shaba iliyofunika matumbo ya merikebu. Shaba ikapona kweli, lakini majani na makombe ya bahari yakaota juu yake, kwa maana ilikuwa haitoi tena sumu yake ya kuyafukuza. Hivyo dawa njema huweza kuleta taabu nyingine isiyotazamiwa.

Mkulima wa kahawa anayo sababu ya kulikumbuka somo hili. Mrututu, ile dawa ya buluu iliyotumika sana katika ugonjwa wa majani ya mibuni, una shaba ndani yake. Ukitiwa katika ndoo ya bati, shaba huganda juu ya zinki na chuma, navyo huyeyuka mahali pake. Punde ndoo hutoboka. Mrututu na uchanganywe katika chombo cha mbao, cha udongo au cha plastiki.

Dawa nyingine ya kutu ni rangi. Plinio wa Roma, katika karne ya kwanza, alikwisha kuandika habari za kukinga chuma kwa risasi nyeupe, jasi na lami. Baadaye risasi nyekundu ikawa rangi ya kwanza ya madaraja na merikebu. Inazuia kutu vizuri, lakini ni sumu, hasa kwa watoto wanaomeza vumbi lake. Na mwaka 1921 mataifa yaliafikiana kupunguza matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka rangi. Siku hizi makasha ya chuma hupakwa pia rangi ya unga: unga huvutwa na umeme ukashika chuma, kisha huokwa mpaka ukayeyuka na kuwa ngozi moja.

Makasha hayo tunayaona nje kwetu, yenye mita na swichi za umeme ndani. Hapo kutu haili mali tu. Kasha likitoboka, maji huingia penye nyaya, na mlango wa chuma waweza kumwua mtoto aushikaye. Tena kutu haianzi katikati palipo wazi. Huanza chini panapotuama maji, katika kingo kali, penye parafujo na palipochomelewa. Wala rangi mpya juu ya kutu ya zamani haifai kitu, kwa kuwa kutu huendelea chini yake. Yapasa kwanza kuikwangua kwa brashi ya waya na msasa, kukausha, kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo ya juu. Lakini kasha la umeme asiliguse mtu asiye fundi. Akiona limetoboka, awazuie watoto na awape habari wenye kazi hiyo.

Basi mabati na mashine zetu zikaguliwe kabla ya masika. Majani makavu ya migomba na yaondolewe juu ya paa, maana hushika unyevu. Wazee wetu waliutunza mkuki mmoja kwa mafuta. Sisi tuliojaliwa chuma kingi tusikitunze kidogo kuliko wao.