Herufi Moja Pungufu: Historia Fupi ya Mtego wa Anwani

Mwezi Septemba 2003, John Zuccarini alikamatwa hotelini Florida, Marekani. Alikuwa amesajili maelfu ya anwani za wavuti zenye makosa ya makusudi: Disneyland ikageuzwa Dinseyland, Teletubbies ikanyofolewa herufi ikabaki Teltubbies. Mtoto aliyeteleza kidole hakukuta vikaragosi, bali picha za ngono, na kila alipofunga dirisha moja yalifunguka mengine. Watangazaji walimlipa Zuccarini kwa wageni hao. Serikali ilikwisha kumshtaki kwa madai mwaka 2001, na mahakama ikamwamuru alipe takriban dola milioni 1.9, hakuacha. Kilichomfikisha gerezani, kwa miezi 30, ni sheria ya Aprili 2003 iliyolifanya jina lenyewe la kumpotosha mtoto kuwa jinai.

Wakati huo Tunduma ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na mtego huo ulikuwa habari ya mbali. Mwaka 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ikafika Dar es Salaam. Mkongo wa taifa nao ukanyooshwa hadi mpakani kuungana na Zambia. Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016, simu ya mzazi ilikuwa tayari mikononi mwa mtoto.

Mtoto huyo ana udhaifu ambao Wamarekani hawakuufikiria. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo tahajia yake hufuata sauti. Mwanafunzi hodari wa Vwawa au Mlowo huandika anachosikia, kisha hukutana na majina ya Kiingereza yasiyoijali kanuni hiyo. Akiandika «yutubu» si mzembe, anatii alichofundishwa. Kwa hiyo ushauri wa kumwambia tu «awe makini» unanikera: unamtwika mtoto mzigo wa mtu mzima aliyetega.

Tunayo kinga moja tuliyoirithi, nayo haithaminiwi. Majina ya .tz yalitunzwa awali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha yakakabidhiwa tzNIC, taasisi iliyoundwa mwaka 2006. Mkia wa go.tz hautolewi kwa kila mwombaji, wa co.tz uko wazi zaidi. Mtoto anayetafuta matokeo ya NECTA akijua kutazama mkia huo, amekwisha kujua jambo ambalo watumishi wengi wa umma hawalijui. (Ofisi ngapi za serikali bado hutumia barua pepe za Gmail?)

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 huadhibu ponografia ya watoto na udanganyifu wa kompyuta. Haikulitaja jina la kupotosha kama kosa linalojitegemea. Mwendesha mashtaka huanza na picha, yaani baada ya mtoto kuiona. Tena, majina ya .zm ni ya Zambia, na ya .com hayamo mikononi mwa nchi yoyote kati ya hizi mbili. Tangu 2019 maofisa wa Tunduma na Nakonde hukagua mizigo katika kituo cha pamoja. Makubaliano ya namna hiyo kuhusu anwani zinazowalenga watoto yangeanza na kifungu kimoja, na mazungumzo yake yanaweza kufanyika ng'ambo ya barabara.