Nani Mwenye Kiwanja: Habari za Raga ya Wanawake Katika Afrika Mashariki

Olasiti iko upande wa magharibi wa jiji la Arusha, pale barabara ya Dodoma inapoelekea Kisongo na uwanja mdogo wa ndege, na wenyeji wa makamo wanakumbuka kwamba penye kuta za matofali leo palikuwa na mahindi, maharage na malisho ya ng'ombe, na Mlima Meru ulionekana wazi bila paa la nyumba kuukinga. Naanza na ardhi kwa makusudi, maana nia yangu ni kueleza jinsi mchezo wa raga ulivyowafikia wanawake wa Afrika Mashariki, na kadiri ninavyoichungua tarehe ya mchezo huo ndivyo inavyonidhihirikia kwamba swali la nani acheze limefuatana daima na swali la nani mwenye kiwanja.

Raga iliingia pwani na bara pamoja na utawala wa Waingereza. Mechi ya kwanza inayotajwa katika nchi ya Kenya ilichezwa Mombasa mwaka 1909, maofisa wa serikali kwa walowezi. Mwaka 1923 chama cha Nairobi kikagawanyika kuwa viwili, Harlequins na Nondescripts. Na hata kombe lililoshindaniwa na vilabu vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, Kombe la Enterprise, lilipata jina lake kutokana na manowari ya Kiingereza. Ulipofika mwaka 1955 mchezo ulikuwa umestawi kiasi cha timu ya Lions kutoka Visiwa vya Uingereza, katika safari yake ya kurudi kutoka Afrika Kusini, kucheza Nairobi na timu ya Afrika Mashariki na kuishinda kwa pointi 39 kwa 12. Ustawi huo ulikuwa wa watu wachache. Vilabu vilikuwa vya Wazungu, majani yake yalikatwa na Waafrika wasioruhusiwa kuyakanyaga kwa mchezo, na mwanamke, hata akiwa mke wa mwanachama mwenye cheo, nafasi yake ilikuwa pembeni mwa mstari.

Arusha haikuwa mbali na hali hiyo. Boma la Wajerumani lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, Makaburu kutoka Afrika Kusini wakapewa mashamba chini ya Meru katika miaka ya mwanzo ya karne iliyofuata, na Waingereza walipoushika mji mwaka 1916 walileta pamoja nao desturi ya klabu: Gymkhana yenye gofu na tenisi, na shule yenye viwanja vyake, kama ile Shule ya Arusha iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasilisha mashtaka ya watu wake. Siitaji habari hiyo ili kuulaumu mchezo, kwani mpira hauna dhambi. Naitaja kwa sababu msichana wa Kiarusha au wa Kimeru wa zama hizo hakunyimwa raga peke yake, bali alinyimwa kwanza ardhi ambayo mchezo wowote ungechezwa juu yake.

Baada ya uhuru walowezi wengi walikwenda zao, na raga ikapungua nao. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, serikali iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na michezo ikafundishwa shuleni kama sehemu ya ujenzi wa nchi, ila kwa wasichana aghalabu ilikuwa riadha na netiboli. Miaka miwili kabla yake Theresia Dismas alikwisha onyesha nguvu ya mkono wa mwanamke wa Kitanzania alipopata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Walakini mchezo wa kushikana na kuangushana ulihesabiwa kuwa wa wanaume, si hapa petu tu, bali karibu dunia nzima.

Maana huko ulikozaliwa nako mwanamke aliingia kwa mlango wa nyuma. Husimuliwa juu ya Emily Valentine, mtoto wa miaka kumi, aliyecheza na kaka zake katika shule ya Portora, Ireland, mnamo 1887, kwa kuwa timu ilipungukiwa mtu. Ikapita takriban karne nzima kabla ya mechi ya kwanza ya mataifa ya wanawake, Uholanzi na Ufaransa, iliyochezwa Utrecht tarehe 13 Juni 1982, ambayo Wafaransa walishinda 4 kwa 0. Mwaka 1991 wanawake wenyewe waliandaa Kombe la Dunia huko Wales, wakakutanisha timu 12 bila idhini ya wakubwa wa mchezo, na timu ya Urusi ya Kisovieti, kwa kukosa fedha za kigeni, ilikuja na vodka ya kuuza ili ipate matumizi yake. Marekani iliifunga Uingereza 19 kwa 6 katika fainali. Naiona habari hiyo kuwa tukufu kuliko ushindi mwingi ulioandikwa kwa wino wa dhahabu, maana walioifanya hawakuwa na mdhamini wala kiwanja cha urithi.

Katika Afrika Mashariki, Uganda ndiyo iliyotangulia. Helen Buteme, mchezaji na baadaye mwalimu wa mchezo huo, aliiongoza timu ya taifa ya wanawake katika siku zake za mwanzo, na vilabu kama Thunderbirds na Black Pearls vya Kampala vikawa tanuri la wachezaji. Na Kombe la Dunia la raga ya saba kila upande lilipofunguliwa kwa wanawake kwa mara ya kwanza, Dubai mwaka 2009, Uganda ilikuwamo pamoja na Afrika Kusini kuliwakilisha bara zima. Kenya ilifuata kwa kasi. Mwamba, klabu iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1977 na wachezaji Waafrika waliochoka kuhesabiwa wageni katika vilabu vya wengine, ina timu ya wanawake hivi leo, jambo ambalo kwangu lina insafu ya pekee: waliojijengea nyumba kwa sababu ya kufungiwa mlango, hatimaye wamewafungulia dada zao. Simba wa kike wa Kenya walifika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wakiongozwa na Philadelphia Olando, na tena ile ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, ambako waliwafunga wenyeji Wajapani. Mwezi uliofuata, Agosti 2021, timu ya wachezaji kumi na watano ilipoteza Nairobi mbele ya Kolombia kwa pointi moja, 16 kwa 15, na kwa pointi hiyo ikaikosa njia ya Kombe la Dunia.

Watu huvutwa na timu za taifa, ilhali mchezo huishi katika klabu. Huko ndiko anakokuja msichana jioni baada ya kazi ya duka au darasa la chuo, akafundishwa kwanza namna ya kuanguka bila kuumia na namna ya kuweka kichwa upande ulio salama anapomkamata mpinzani kiunoni, kabla hajafundishwa kufunga. Na raga ina fadhila moja isiyopatikana kwa urahisi kwingineko: haimbagui mtu kwa umbo. Mnene na mfupi huhitajika mstari wa mbele wa skramu, mrefu huhitajika kurukia mpira unaorushwa kutoka pembeni, mwepesi hungoja ukingoni mwa kiwanja. Mama zetu huuliza kama mchezo huu una staha, na kama hautamdhuru binti katika uzazi wake, na masuala yao yastahili jibu la adabu: mwanamke aliyebeba kuni na maji mteremko kwa mteremko chini ya Meru hakuambiwa na mtu kwamba mwili wake ni dhaifu, na udhaifu huo hautajwi ila anapotaka kuutumia mwili ule kwa furaha yake mwenyewe.

Arusha ina klabu yake ya raga, Rhinos, na Nairobi iko umbali wa nusu siku tu kwa basi kupitia Namanga, basi mifano, walimu na wapinzani hawako mbali. Kilicho adimu ni ardhi. Sheria ya mchezo yataka kiwanja kisichozidi mita 100 baina ya mistari ya goli na mita 70 kwa upana, na nyuma ya kila goli nafasi ya kuwekea mpira. Jumla yake ni ekari mbili na kitu. Katika Olasiti ya leo ekari mbili hukatwa viwanja vya nyumba na kuuzwa kimoja kimoja, na pale panapobaki pa wazi wavulana wamekwisha simika magoli ya kandanda. Ombi langu kwa halmashauri na kwa wazee wa mitaa ni kwamba wanapopima ardhi ya umma, ekari hizo mbili ziandikwe katika ramani kabla ya kuta kuinuliwa, na saa za jioni za wasichana ziandikwe pamoja nazo.