Ndege Inakuja Imeshiba, Inaondoka na Njaa

Nilisoma historia chuoni kabla sijaacha, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni tabia ya kuuliza: hii barabara, hii reli, ilijengewa nani? Swali hilo linaufaa sana uwanja wa ndege wa Eldoret.

Ulifunguliwa mwaka 1997, Moi akiwa Rais. Kelele zilikuwa nyingi. Wafadhili walinung'unika, wapinzani wakasema ni zawadi ya Rais kwa watu wa kwao. Eti nani atatoka ng'ambo aje kutua Eldoret? Njia ya kurukia ndege ikajengwa karibu kilomita 3.5, jina la kimataifa likabandikwa, na mpaka leo abiria wengi wa pale wanaenda Nairobi tu.

Aliyeupa uwanja uhai ni mfanyabiashara wa nguo na simu. Ndege za mizigo zilianza kutua zikitoka Dubai na Sharjah, zimejaa bidhaa za maduka. Katoni zinashushwa, zinapita forodha, zinapakiwa kwenye malori, nyingi zikiishia Nairobi. Kwa hiyo biashara ipo. Shida ni kwamba ni ya upande mmoja. Ndege ikishamaliza kushusha, mara nyingi inaondoka tupu, ikatafute maua Nairobi. Na maua mengine yanalimwa hapa hapa Uasin Gishu, halafu yanasafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 300 kwenda kupanda ndege!

Sababu moja ni ya maumbile. Uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa na injini hazipati nguvu kamili, kwa hivyo ndege nzito inahitaji njia ndefu zaidi au ipunguze mzigo. Lakini milima haielezi kila kitu. Maua na mboga pia huhitaji vyumba vya baridi, wakaguzi, na ratiba ambayo mkulima anaweza kuitegemea.

Hapa ndipo historia inanisaidia. Reli ya Uganda, iliyojengwa 1896 hadi 1901, nayo ilifika kabla ya mzigo. Waingereza hawakukaa wakingoja. Waliwapa walowezi ardhi, wakiwemo Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908, baada ya Wanandi kupigwa na kusukumwa. Reli ikafika Eldoret mwaka 1924. Mahindi ya mlowezi yalisafirishwa kwa nauli nafuu, huku bidhaa zilizonunuliwa na Mwafrika zikitozwa ghali. Mzigo haukujileta. Ulitengenezwa na sera, tena kwa dhuluma.

Sisemi turudie dhuluma. Nasema serikali ikitaka mzigo wa kwenda nje, inajua namna ya kuuandaa. Ilijua hata ilipokuwa ya wakoloni.

Ndiyo maana nikisikia watu wakishangilia tani zinazoongezeka Eldoret, nauliza zinaelekea wapi. Kijana wa kupakia lori anapata kibarua, sawa. Mwenye duka anapata stoki mapema, sawa. Lakini mkulima wa Moiben au Kitale bado anaiona ndege ikipita juu ya shamba lake, na ndani hamna hata kreti yake moja.