Walioyatangulia Majengo Kwenye Mawe ya Mwanza

Mwaka 1923 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyebobea katika wanyama watambaao, alimwingiza mjusi mmoja kwenye maandishi ya kisayansi na kumpa jina la Mwanza. Leo anaitwa Agama mwanzae, ingawa anapatikana pia Serengeti, Kenya na Rwanda. Dume wake hafichiki: kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau, mwili wa buluu, na mazoea ya kuota jua juu ya jabali huku akitikisa kichwa kama mzee anayeafiki hoja barazani.

Mji aliokuwa akiutazama ulikuwa mchanga bado. Wajerumani walijenga ngome yao hapo mwaka 1892, na reli kutoka Tabora ilifika 1928. Msingi wa nyumba, ukuta wa gati na tuta la reli, vyote vilidai mawe, na mawe yalikuwa yamejaa tele. Granaiti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilimeng'enyuka chini ya udongo kwa kufuata nyufa zake, kisha mvua zikaufagia udongo na kuacha majabali yaliyobebana, likiwemo lile la Bismarck linalochomoza ziwani.

Kuyavunja ni kazi ya jasho. Moto hukokwa juu ya jabali mpaka litoe ufa. Hapo mtaimbo, tindo na nyundo huchukua nafasi. Pembeni, akina mama hugonga vipande kuwa kokoto, huzipima kwa ndoo na kusubiri tipa ya mnunuzi. Machimbo makubwa yana baruti na mitambo ya kusagia. Kwa pimbi, mnyama mdogo anayeishi kwenye nyufa za mawe, tofauti ya njia hizo mbili ni ya kasi tu, maana vyovyote vile upenyo aliolala jana unaondoka.

Ajabu ni kwamba elimu ya viumbe wa mawe na biashara ya mawe zilikua katika mji mmoja bila kujuana. Mwaka 1964 serikali ilikifanya kisiwa cha Saanane, chenye jina la mkazi wake aliyekuwa mvuvi na mkulima, kuwa bustani ya wanyama. Wageni walikwenda kuona wanyama walioletwa kutoka mbali, huku pimbi na mijusi wakikaa palepale juu ya majabali bila kulipiwa kiingilio. Saanane ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013.

Chini ya maji kulikuwa na hesabu nyingine. Kuanzia 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza wakichunguza samaki waitwao furu. Mwaka 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte walimpa mmoja wao jina la Mwalimu Nyerere: samaki wa miambani mwenye dume jekundu mgongoni. Miaka hiyohiyo sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, alikuwa akiwafagia furu wa maji ya wazi. Wale wa miambani, ambao wavuvi huwaita mbipi, hawakuumia kiasi hicho. Baadhi yao wanaishi kwenye visiwa vichache tu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha hatari nyingine: jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani, aina zinachanganyikana. Basi tope linaloshuka kutoka mlima uliochimbwa nalo lina uzito wake katika hesabu hii.

Sheria ndiyo iliyowakutanisha wahusika. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilianzishwa 1983, lakini nguvu ya kudai tathmini ya athari kwa mazingira ilikuja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za mwaka uliofuata. Sheria hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kazi ya anayetathmini mlima wa mawe ni kutembea asubuhi mjusi akiota jua, kutafuta michirizi myeupe ya mkojo wa pimbi, kukagua popo kwenye nyufa na miti jamii ya mikuyu iliyong'ang'ania miambani, kisha kurudi msimu wa mvua.

Wenye machimbo hupenda kutaja Bamburi, Mombasa, na wana haki. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye mashimo ya kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu zilistahimili, mvinje ukiwemo. Majongoo walizitafuna sindano zake zilizodondoka na kutengeneza udongo. Leo pale pana msitu. Lakini Bamburi ilirudisha kijani juu ya chokaa iliyochimbwa. Jabali la granaiti halipandwi kitaluni. Mivinje elfu moja haimpi pimbi hata ufa mmoja.

Mahitaji nayo hayapungui. Daraja la Kigongo–Busisi, la takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na reli ya kisasa kutoka Isaka, kilomita 341, inajengwa. Hapo ndipo utaratibu unapoyumba: tathmini hufanywa mradi kwa mradi, kila mlima peke yake, na kila ripoti inaweza kusema kwa ukweli kwamba wanyama watahamia mlima wa jirani. Jirani huyo naye anaweza kuwa ameombewa leseni. Sheria ya 2004 ina kifungu cha tathmini ya kimkakati, inayoangalia mpango mzima kabla ya mradi mmoja mmoja, na ramani ya milima ya Mwanza inaweza kuanzia hapo: upi uchimbwe, upi uachwe, na njia ipi ya majabali ibaki kati yao.