Tezi Dume: Tiba ya Zamani na ya Sasa
Mama msikilizaji, mzee wako akiamka usiku mara nne kukojoa, na mkojo unatoka matone matone, usimcheke. Huenda tezi dume imekua ikabana njia ya mkojo.

Mwaka 1895 daktari William White wa Philadelphia, Marekani, alitetea kuwahasi wagonjwa ili tezi inywee. Hebu fikiria! Mwaka 1901 Peter Freyer wa London alieleza alivyoitoa kwa kupasua kibofu. Vidonge vya finasteraidi viliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Huipunguza tezi polepole, kwa miezi. Vinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, lakini si kuhasiwa.

Daktari hupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mambo ya chumbani pia mzee amweleze, kabla hajaandikiwa dawa.